Njia Tatu za Kwenda Karafuu Mbili

Haya si ya zamani, wala hayakumpata sungura na fisi. Yametokea juzijuzi katika nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, jamani, ni heshima tu, maana nchi ile ina wakubwa wanaolisikia jina lao hata ukilinong'ona chooni. Mimi ni fundi cherehani. Nashona suti. Sina chama wala kundi, na lolote nitakalosema hapa ni sifa kwa serikali ile. Msomaji akiona kejeli, basi ameileta mwenyewe kutoka kwake.

Katika Mji Mkuu wa nchi hiyo, pale barabara kubwa zinapokutana, pamesimamishwa bango refu kupita mnara wa msikiti. Limeandikwa: KARIBU KARAFUU MBILI, KISIWA CHA RAHA. LINGANISHA, CHAGUA, NENDA. Chini ya maneno kuna picha tatu. Ya kwanza ni ndege, nayo imepewa sifa ya kufika kabla chai haijapoa. Ya pili ni boti, yenye upepo mwanana na viti vya kulala. Ya tatu ni daraja, ambalo wamesema utapita na gari lako mwenyewe huku unakula karanga. Pembeni kuna mtalii ameshika dafu, anacheka peke yake. Nilikuwa nalipita bango lile kila asubuhi niendapo dukani, na nikajiambia kwamba serikali inayompa mwananchi njia tatu ina huruma sana, kwa sababu zipo nchi hazitoi hata moja.

Basi jirani yangu wa duka, Shaame, fundi wa mafriji, alikuwa mzaliwa wa Karafuu Mbili, mtoto pekee wa Bi Mize. Siku hiyo akapigiwa simu na Bi Tatu, mama mmoja aliyeishi mlango wa pili na mama yake na ndiye aliyekuwa akimuuguza. Bi Tatu akasema mgonjwa ameacha kula, na nesi wa zahanati ameshatikisa kichwa. Kisha Bi Mize mwenyewe akaomba simu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini maneno yalinyooka.

"Shaame, sikutaki dawa wala machungwa. Njoo unilakinie shahada. Nisende na kimya."

Kwa asiyejua, desturi ya watu wa kule, mtu anapokaribia kukata roho, mtu wake wa karibu humwinamia sikioni akamtamkia shahada polepole, naye aifuatishe, ili neno lake la mwisho duniani liwe hilo. Bi Mize alikuwa amewalakinia nusu ya wazee wa mtaa wake. Sasa zamu ilikuwa yake, na alimtaka mwanawe.

Shaame akashusha mlango wa duka. Mimi nami nilikuwa na suti ya bwana harusi mmoja wa hukohuko kisiwani, imekwisha, inasubiri kupelekwa. Nikamwambia twende wote. Njia tatu nzima, tutakosa hata moja?

* * *

Kabla sijaendelea, lazima nimweleze msomaji habari ya uzinduzi, asije akadhani watu wa nchi ile ni wapumbavu. Si wapumbavu. Wana utaratibu.

Nchi ile inapenda mgeni rasmi kama mtoto anavyopenda pipi. Kisima hakichotwi, zahanati haitibu, choo cha shule hakiingiwi, mpaka aje mtu mkubwa akate utepe. Ipo shule moja ambayo watoto walijisaidia kichakani tangu darasa la kwanza hadi la saba, na choo kipya kimesimama palepale, kimefungwa utepe mwekundu, kinamsubiri mheshimiwa. Walimu waliweka mlinzi ili mtoto asije akakizindua kwa bahati mbaya.

Zamani vilizinduliwa vitu tu. Halafu siku moja boti ya Karafuu Mbili ikaondoka asubuhi bila sherehe yoyote, na ikafika salama. Wakubwa walishtuka kweli. Ikaundwa tume, nayo ikauliza: imekuwaje wananchi wamefika bila mtu kuwaruhusu waanze? Ndipo ikapitishwa sheria kwamba kila safari ya kisiwani izinduliwe na mgeni rasmi, kila siku, kila chombo. Mbunge mmoja mwenye kiherehere akauliza, je, mgeni rasmi akichelewa? Waziri akamjibu kwamba mgeni rasmi hachelewi, ila wananchi ndio wanaowahi. Bunge likapiga meza kwa furaha.

* * *

Tulianza na ndege, kwa sababu mama wa mtu hasubirishwi.

Tuliingia asubuhi, tukakaa, tukafunga mikanda. Dakika hiyohiyo tukaambiwa tushuke, maana mgeni rasmi hawezi kuhutubia viti vitupu. Nje palikuwa na kapeti, jukwaa, matarumbeta, na mkasi umelazwa juu ya sinia kama kitumbua. Tukasimama juani. Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kuteremka. Hapo ndipo msafara wa Naibu Waziri wa Safari na Itifaki ulipoingia ukipiga ving'ora, kana kwamba yeye ndiye anayetuwahi sisi.

Mshereheshaji akawatambulisha waliokuja, waliotuma salamu, na wawili waliokufa ambao wangependa kuja. Itifaki ikazingatiwa. Rubani akasoma risala. Wanafunzi wakaimba ngonjera kuhusu mabawa. Kisha mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, ndege ni nini? Ndege ni maendeleo yenye mabawa. Babu zetu walitazama juu wakaona kunguru. Leo ninyi mnatazama juu, mnaniona mimi."

Tukapiga makofi. Shaame hakupiga, na askari mmoja akamtazama mikono. Baada ya hotuba kukawa na pilau ya meza kuu, ambayo sisi tuliishuhudia. Utepe ulipokuja kukatwa jua lilikuwa limeshazama. Rubani akasema, kwa adabu zote, kwamba haoni njia ya kurukia, na taa za uwanja haziwashwi kwa kuwa zenyewe bado hazijazinduliwa. Naibu Waziri akatutakia safari njema, akatupungia mkono, akaingia garini akaenda zake kulala. Tulipogeuka, ubao wa uwanjani ulikuwa tayari umeandika: KARAFUU MBILI, WAMEFIKA.

Kesho yake tukarudi. Afisa wa pale, kijana mwenye tai iliyofungwa vibaya (jicho la fundi haliwezi kuacha), akatazama kompyuta yake akasema hatuwezi kupanda, kwa sababu tulishafika jana. Shaame akamwambia kwamba yeye huyu hapa, amesimama mbele yake. Kijana akasema hilo analiona, lakini mfumo unasema yuko kisiwani, na yeye hawezi kubishana na mfumo. Kama tunataka kwenda tena, lazima kwanza turudi.

"Nirudi kutoka wapi?" Shaame akauliza.

"Kutoka kisiwani. Kwa ndege ya kutoka huko."

"Ndege hiyo iko wapi?"

Kijana akachungulia dirishani, akatuonyesha ndege yetu ya jana, imekaa palepale na mashada yake ya maua yamenyauka. Shaame akagonga meza kwa ngumi. Kijana akamwambia kwa upole kwamba mtu aliyeko Karafuu Mbili hana ruhusa ya kugonga meza Mji Mkuu.

Tulipotoka nje simu ikalia. Alikuwa Bi Tatu. Mama anauliza, umefika wapi?

* * *

Tukaenda darajani.

Daraja la Karafuu Mbili ni fahari ya nchi ile. Limo katika noti, limo katika stempu, na watoto hulichora kwenye mitihani. Kasoro yake ni moja tu, kwamba halipo. Lakini mawe ya msingi yapo. Kila kiongozi aliyeingia madarakani aliweka jiwe lake la msingi, na kila aliyefuata hakutaka kulitumia la mwenzake. Mawaziri nao wakaweka ya kwao, na wake za mawaziri, na balozi mmoja aliyekuwa anapita tu. Ufukwe ulipojaa ikabidi waanze kuyaweka majini. Nami nasema kwa dhati, ukiyatazama kwa jicho la uzalendo, daraja lile lilikuwa linajengwa kweli, kwa mawe ya msingi matupu, na wakubwa wakiendelea kubadilishana vyeo kwa kasi ileile, wajukuu wa wajukuu zetu watavuka.

Shaame hakuwa na wajukuu wala subira. Akavua viatu akaanza kukanyaga jiwe baada ya jiwe, majina ya waheshimiwa yakipita chini ya nyayo zake, nami nyuma yake nimeikumbatia suti ya watu. Tukafika jiwe la mwisho. Mbele yake maji, na ng'ambo, mbali, kisiwa kimelala kama mstari wa wanja. Juu ya jiwe lile alikaa askari wa usalama barabarani na filimbi mdomoni. Akatusimamisha. Akatuuliza kwa nini tunatembea upande wa kulia.

Nikamwambia, afande, huku mbele hakuna daraja. Akanijibu kwamba yeye kazi yake ni kuongoza magari, mambo ya kama daraja lipo au halipo ni ya idara nyingine. Shaame alisimama pale anatazama kwao, taya inamcheza, na nilimwona anapima yale maji kwa macho. Nikamshika mkono. Nilimwambia maiti ya mtoto haimlakinii mama yake. Akageuka, na tukarudi, safari hii upande wa kushoto.

* * *

Ikabaki boti.

Boti ilikuwepo, na nzuri, imepakwa rangi, injini inanguruma, nahodha amekaa mahali pake. Utepe ulikuwa umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya ngazi. Aliyekuwa hayupo ni mgeni rasmi. Alitakiwa kuwa Kamishna Mkuu wa Mafuriko na Ukame, na alikuwa amebanwa na mafuriko, au ukame, walikuwa hawajaamua. Wasafiri walikuwa wamemsubiri mpaka gati limegeuka mtaa. Foleni ilikuwa na mwenyekiti na katibu. Palikuwa na mama lishe wawili waliogombana mpaka foleni ikagawanyika kambi mbili. Palikuwa na mchumba na mchumba waliojuana humohumo, wakachumbiana, na sasa wanasubiri mgeni rasmi ili wakaoane ng'ambo.

Mshereheshaji wa bandari aliitwa Chaurembo, bwana mmoja mwembamba mwenye sauti nene, ambaye kila baada ya muda alipima kipaza sauti na kutangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Watu wakapiga makofi kidogo, wakaendelea na maisha.

Hapo ndipo Bi Tatu alipopiga tena, na safari hii alikuwa analia. Bi Mize alikuwa amepoteza fahamu, akazinduka, akazipoteza tena. Bi Tatu alitaka kumlakinia yeye mwenyewe, asije akachelewa.

"Anakataa, baba," akasema. "Nikimwinamia ananiziba mdomo kwa kiganja. Anasema, mwanangu yuko njiani."

Shaame akakata simu, akaketi juu ya begi lake. Alitukana. Alianza na Kamishna, akashuka hadi kwa madereva wa msafara, akapanda tena hadi pasipotajika, na watu wa foleni wakasogea kando, si kwa hasira bali kwa tahadhari. Mimi nilikuwa namtazama Chaurembo. Nikamuuliza mwenyekiti wa foleni kama kuna mtu hapa anaijua sura ya Kamishna. Akasema hakuna. Basi mtamjuaje akija? Akanicheka. Mgeni rasmi hujulikana kwa suti, akasema, na kwa kuchelewa, na kwa mtu anayetembea nyuma yake amembebea simu.

Suti ninayo. Kuchelewa tumechelewa. Na mimi mikono ninayo.

"Shaame," nikamwambia, "vua shati."

* * *

Msomaji, nimeshona suti miaka mingi, na sijapata kuona kitambaa kikimgeuza mtu kama siku ile. Tulizunguka nyuma ya maghala, akavaa, nikambana kiuno kwa pini mbili. Tulipotokea mbele, yeye ametangulia na mimi nimefuata na simu mkononi, matarumbeta yakalipuka kabla hatujafika kwenye kapeti. Hakuna aliyetuuliza jina. Wale mama lishe wawili, waliompa Shaame uji muda si mrefu uliopita, walipiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Mchumba na mchumba walipiga magoti. Mwenyekiti wa foleni alinikonyeza, kisha hata yeye nikaona anaanza kuamini.

Chaurembo akamwaga itifaki yake yote. Akamkaribisha mgeni rasmi azungumze. Shaame akashika mkasi, akakata utepe, akasema: "Boti iondoke."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya nchi ile, na watu hawakujua iliishia wapi. Halafu mzee mmoja akaanza kulia kwa furaha, makofi yakapasuka, Chaurembo akarukia ndani na kipaza sauti chake, na boti ikaondoka.

Baharini tukacheka kwa mara ya kwanza. Walimketisha kwenye kiti cha mbele chenye vitambaa, shada la maua shingoni, na kila alipotaka kusimama watu saba walisimama pamoja naye. Bi Tatu akapiga kusema mgonjwa amefumbua macho, ameomba uji, amemeza. Shaame akamwambia, mwambie niko majini, naiona minazi ya kwetu. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wa suti ya watu na sikumkataza.

Nahodha naye, mtu wa kazi zake, alikuwa ameshatoa taarifa kisiwani kwamba mgeni rasmi anakuja.

* * *

Karafuu Mbili haikuwa imepata mgeni rasmi tangu boti zilipoanza kuzinduliwa, kwa sababu wageni rasmi huzindua safari, hawasafiri. Kwa hiyo njaa yao ilikuwa kubwa. Gati lilifunikwa na watu. Bendera, ngoma, matarumbeta, watoto wa shule kwa mistari, mgambo wameshikana mikono wakafanya ukuta. Bwana harusi wangu alikuwepo, anaitazama ile suti kwa mashaka huku anapiga makofi. Mkuu wa Kisiwa, Bwana Sururu, akampokea Shaame kwa mikono yote miwili akampeleka jukwaani, na pale akamtolea taarifa kwa fahari.

"Mheshimiwa, kisiwa kizima kiko hapa. Tumefunga soko, tumefunga shule, tumefunga zahanati. Tumepita nyumba kwa nyumba, hakuna aliyebaki ndani ila asiyeweza kutembea."

Shaame alikuwa anatabasamu kwa adabu. Kisha nikaona tabasamu limebaki usoni na macho yameondoka. Nikafuata yalikokwenda. Katika mstari wa wanawake, mbele kabisa, nesi wa zahanati alikuwa anacheza ngoma na gauni lake jeupe. Na pembeni yake mama mmoja mtu mzima, kanga imemteleza, anapeperusha bendera bila nguvu na kutazama nyuma kila mara, njia ya mjini.

"Yule ni Bi Tatu," Shaame akaniambia kwa sauti ndogo. "Fundi, yule ni Bi Tatu. Mama yuko na nani?"

Akasimama. Meza kuu yote ikasimama. Akataka kushuka, na mgambo wakamrudisha kwa heshima, kwa usalama wake. Akamwita Bi Tatu kwa jina, lakini ngoma zilimla sauti. Akamnyang'anya Chaurembo kipaza sauti.

"Sikilizeni. Mimi si mgeni rasmi. Mimi ni Shaame, fundi wa mafriji, mtoto wa Bi Mize wa hapahapa. Niacheni niende kwa mama yangu."

Chaurembo akapokea kipaza sauti chake, macho yamemlowa. "Mnausikia unyenyekevu huo? Mheshimiwa anasema yeye ni fundi tu! Anasema yeye ni mtoto wa mama zetu!"

Kisiwa kikalipuka kwa shangwe. Nami nikapaza sauti kusema ni kweli, jamani, ni kweli tupu, na Bwana Sururu akaninong'oneza kwamba msaidizi hazungumzi mbele ya mheshimiwa.

Ikasomwa risala. Nasema ikasomwa, lakini ilikuwa kama kumwagiwa mchanga punje punje. Wananchi wa Karafuu Mbili waliiomba serikali, kupitia kwa mgeni rasmi, iwapatie boti inayoondoka, ndege inayoruka na daraja linalovukika. Shaame alikaa ameshika viti viwili vya pembeni, na mishipa imemsimama shingoni. Akaletewa dafu. Akaletewa jiwe la msingi la daraja, upande wa kisiwani, akalitupa chini kwa hasira, nao wakashangilia kwamba ameliweka. Hapo ndipo akili ilipomjia azungumze lugha yao. Akamwinamia Bwana Sururu akasema anataka kutembelea kaya ya mwananchi wa kawaida.

Bwana Sururu alifurahi mno. Kaya ya kutembelewa ilikuwa imeshaandaliwa. Ikawa msafara mzima, matarumbeta mbele, na Shaame akapelekwa kutazama ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa, ameogeshwa, amefungwa utepe kwenye pembe. Mwenye ng'ombe akaanza kusoma risala ya ng'ombe. Shaame akampita, akapenya nyuma ya zizi, akaruka wigo, na kwa kuwa mgeni rasmi aliruka wigo, kisiwa kizima kikaruka wigo.

Alikimbia, na walimkimbilia wakiimba. Mwanamke mmoja tu katika umati ule alikuwa hakimbii kwa sherehe. Bi Tatu alipoziona zile mbio alizijua, mbio za mtoto aliyemwona akikua, akaitupa bendera akakata njia ya mkato akishika kiuno, analia jina la Bi Mize. Mimi nilikuwa nyuma yao, simu ya mheshimiwa mkononi.

* * *

Mlango ulikuwa wazi. Bi Mize alikuwa kitandani, kichwa amekigeuzia mlangoni, na mkono mmoja umetoka nje ya kanga, kiganja kimefunguka. Alikuwa bado ana joto. Shaame alipiga magoti na ile suti, akaweka mdomo sikioni mwake akatamka, akasubiri, akatamka tena, akasubiri. Alifanya hivyo mpaka Bi Tatu alipomshika bega. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

"Nani alikuwa naye?" Shaame akauliza.

Bi Tatu alisema walikuja mgambo wakasema kila anayetembea aende gatini, akawaambia ana mgonjwa, wakamwambia hata mgeni rasmi anapenda wagonjwa.

"Hakuna, baba," akasema. "Sote tulikuja kukupokea wewe."

Shaame akamfumba mama yake macho, akamfunika. Akatoka nje. Uani na barabarani watu walikuwa wamejaa, watoto juu ya miti, matarumbeta yamenyamaza kwa heshima, na Chaurembo akamnyooshea kipaza sauti, kwamba mheshimiwa sasa atawasalimia wananchi. Shaame akakishika.

"Mama yangu amekufa peke yake," akasema. "Rudini nyumbani. Kila mwenye mgonjwa arudi sasa hivi."

Hakuna aliyeondoka. Walimtazama, wakatazamana, na kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa amemaliza kuzungumza, wakapiga makofi.